Mstari wa Pumzi Moja

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ambayo huwa inanijia masikioni kabla haijafika machoni. Kwanza nasikia besi. Kisha makofi. Kisha mjomba wangu Kassimu anapaza sauti mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye kopo la majani ya chai: "Nani yupooo?" Ndipo picha zinafuata moja moja: sebule yetu ya Quakers Hill, magharibi mwa Sydney, jua jembamba la majira ya baridi juu ya zulia, na mimi nimekaa pembeni na kompyuta mapajani, nimekunja uso.

Najua nasaha huandikwa na watu wenye mvi. Mimi sina hata unywele mmoja mweupe, na wewe ninayekuandikia nikikwambia vaa viatu unaelewa vizuri sana, ila majibu unayatoa kwa Kiingereza. Si neno. Ukikua utasoma mwenyewe, na ukishindwa nitakusomea. Naandika sasa kwa sababu nimewaona wazee wengi wakingoja mpaka jambo lilainike ndipo walisimulie, na hili nataka ulipate likiwa bado na kona zake.

Ulikuwa mwaka wa pili wa korona. Sydney nzima ilifungwa, lakini upande wetu wa magharibi ulifungwa kwa kufuli mbili. Sisi tulikuwa na saa ya kurudi ndani, na polisi wa kutuuliza tunakwenda wapi, na helikopta iliyozunguka juu ya mapaa kama inatafuta kitu ilichokiangusha. Kwenye taarifa ya habari tuliwaona watu wa upande wa bahari wakitembeza mbwa ufukweni. Nilikuwa nasoma shahada ya pili ya sosholojia, masomo yote kupitia kompyuta, chumba cha nyuma kwa mjomba. Nilikuwa na hasira nyingi siku zile, na hasira ile niliihesabu kuwa ni akili.

Mjomba Kassimu alikuwa mhandisi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha kufungasha vyakula huko Smithfield. Kazi yake iliruhusiwa kuendelea, kwa hiyo alitoka alfajiri na barakoa yake na kurudi jioni na alama za barakoa mashavuni. Mkewe alikuwa amekwenda Tanga kumwona mama yake mgonjwa, mipaka ikafungwa nyuma yake, akakwama huko. Basi nyumbani tulikuwa wawili tu, yeye na mimi, na kaseti zake.

Kaseti hizo nikueleze vizuri, maana bila hizo hakuna hadithi. Ujanani mwake pale Tanga, miaka ya themanini, mjomba alikuwa mwendesha disko toto. Sikukuu ya Idi mchana watoto wa mjini walivalishwa nguo mpya wakajazana ukumbini, na yeye, kijana mwembamba mwenye glavu nyeupe, alisimama juu ya meza na kipaza sauti. Alikuwa na kaseti zilizoletwa na binamu yake aliyefanya kazi melini, za hip hop ile ya mwanzo kabisa. Wewe utakapoisikia utacheka. Ngoma moja inajirudia dakika kumi na tano. Besi inatembea kama mtu aliyetoka kupokea mshahara. Vijana wanapokezana kipaza sauti, wanajisifia viatu, wanawaambia watu wapige makofi, wanauliza nani ametoka wapi, wanaita majina, na watu wanaitikia. Basi. Hakuna zaidi. Ni sherehe iliyonaswa kwenye utepe.

Mimi hip hop niliyoipenda, na bado naipenda, ni ile iliyokuja baadaye, inayouliza nani ana njaa na nani yuko jela na kwa nini. Nilikuwa nikimwambia mjomba kwamba kaseti zake ni utoto wa muziki.

"Sawa," alikuwa akijibu. "Na mtoto asipocheza, unampeleka wapi?"

"Hospitali."

"Haya basi."

Hakupenda kubishana zaidi ya hapo. Alirudisha kaseti nyuma kwa kalamu na kuendelea na shughuli zake.

Watu walipofungiwa, mjomba alianzisha disko la Jumamosi alasiri kwa simu ya video. Waliingia Waswahili wa kila namna waliotawanyika upande wetu: Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, baadhi wana watoto mapajani, baadhi wametoka kazini na nguo za kazi. Yeye alipiga ngoma, kisha akaita watu mmoja mmoja. Ukiitwa, ulikuwa na zamu yako: useme jina lako, ulikotoka, unapokaa, ulichopika leo, na umalizie kwa kusema upo. Yote kwa kufuata mdundo, na yote kwa pumzi moja. Ndiyo ilikuwa sheria ya disko toto la Tanga, ambapo mtoto aliyemaliza kujigamba bila kuvuta pumzi alipewa soda. Huku Sydney soda ilikuwa haiwezi kupita kwenye simu, kwa hiyo aliigeuza: ukikata pumzi katikati, unatozwa faini, na faini ni kusimama mbele ya kamera na kucheza peke yako huku wote wanakutazama.

Kulikuwa na Shiru, muuguzi kutoka Nyeri, aliyefanya kazi hospitalini Westmead na kuishi Blacktown. Yeye mstari wake aliutoa akiwa amejilaza kitandani, macho nusu: "Ni Shiru wa Nyeri, niko Blacktown, nimekula mandazi ya jana, na bado niko!" Kulikuwa na Mama Furaha, mjane kutoka Bukavu, mwenye umri wa kunizaa mara mbili, aliyeishi peke yake katika fleti ndogo Westmead kwenyewe. Dirisha lake lilitazamana na hospitali. Yeye ndiye aliyekuwa bingwa wetu. Aliketi wima, akarekebisha kitambaa kichwani, akavuta hewa kama mwogeleaji, halafu: "Miye ni Mama Furaha, mutoto wa Bukavu, nakaa Westmead, leo nimepika sombe na samaki, na niko hapaaa!" Ile "hapaaa" aliivuta mpaka ngoma ikamfuata yeye. Hakuwahi kulipa faini.

Mimi zamu yangu niliisema kwa kunung'unika.

"Jamani, msikieni wakili," mjomba alisema, maana ndivyo alivyoniita kwa sababu ya maswali yangu. "Anataja jina lake kama anasoma hukumu!"

Watu wakacheka, nami nikazidi kununa. Nilimuuliza baada ya disko moja, kwa ukali ambao leo ningeupunguza, ni jambo gani hasa tunalolifanya. Watu wanakufa, nilimwambia. Wenzetu wamefutwa kazi. Wengine hawana vibali na hakuna anayewapa msaada. Na sisi tunapiga kelele kuhusu sombe, kuhusu majani ya muhogo. Nilikuwa na hoja, mwanangu. Hata leo nikizipima zile hoja, hazikuwa za kijinga.

Sasa tuingie kwenye Jumamosi yenyewe.

Wiki ile Mama Furaha alikuwa amepimwa na kukutwa na korona. Alituambia mwenyewe, kwa namna ya mtu anayekuambia kwamba mvua imemnyeshea kidogo. Alitakiwa kukaa ndani, naye alikaa. Wanawake wa kanisani kwake waliacha chakula mlangoni. Kila siku alipigiwa simu. Mimi mwenyewe nilimpigia. Wote tulimuuliza swali lilelile na wote tulipata jibu lilelile: "Niko bien, mutoto yangu. Ni fatigue kidogo tu." Wahudumu wa afya nao walimpigia, nao aliwaambia yuko salama, ni uchovu kidogo tu. Sidhani kama alidanganya. Nadhani alikuwa akijibu namna alivyojibu maisha yake yote kila alipoulizwa hali, na huyu ni mtu aliyewahi kutembea kwa miguu na watoto kuvuka mpaka.

Alasiri ile aliingia kwenye disko kama kawaida. Kitambaa kimefungwa vizuri. Mjomba akamwita kwa mbwembwe zote: "Na sasa, kutoka Bukavu, malkia wa pumzi, hajawahi kutozwa faini, Mamaaa Furaha!"

Akavuta hewa. "Miye ni Mama Furaha, mutoto wa..." Akasimama. Akavuta tena. "...Bukavu, nakaa..."

Simu nzima ililipuka. Faini! Faini! Watoto walishangilia, mtu mmoja alipiga sufuria. Mama Furaha mwenyewe alicheka, akainua mkono kuomba nafasi nyingine. Mjomba akairudisha ngoma mwanzo.

"Miye ni Mama..." Pumzi. "...Furaha, mutoto..." Pumzi.

Safari hii walicheka watoto peke yao.

"Anko Kassimu, zima ngoma." Ilikuwa sauti ya Shiru. Alikuwa ameketi sasa, uso karibu na simu. "Zima kabisa. Mama Furaha, hebu nihesabie moja mpaka kumi bila kupumzika."

"Mbona unanifanya mutoto ya shule?"

"Nihesabie tu, mama."

Alifika nne. Shiru akamwambia asogee dirishani kwenye mwanga, aonyeshe midomo, kisha vidole. Nilikuwa nimeshaiweka kompyuta chini. Sijui wengine waliona nini. Mimi niliona midomo ya mtu aliyekunywa kitu cha rangi ya zambarau.

"Zuhura," Shiru akaniita mimi, kwa utulivu uliotisha kuliko kelele, "chukua simu nyingine. Piga ya dharura, itisha ambulansi. Sasa hivi."

"Hapana!" alisema Mama Furaha. "Ambulansi hapana. Minapumua muzuri. Muniache nikunywe chai."

Hapo ndipo lilipokuwa tatizo letu lote. Alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu, peke yake ndani ya fleti, mlango umefungwa kwa ndani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeruhusiwa kwenda kwake. Asipokubali kuufungua, tungebaki kumwangalia kwenye kioo cha simu. Na sababu yake ya kukataa hatukuweza kuibeza. Miezi ile wagonjwa hawakuruhusiwa kutembelewa. "Ninaiona hôpital kila siku hapa dirishani," alisema, akivuta pumzi kati ya maneno. "Mutu anaingia peke yake. Anatoka... peke yake. Wengine... hawatoki. Kule ndani hakuna mutu... anajua jina langu."

Mimi nilikuwa nimeshika simu ya pili sikioni, mtu wa upande wa pili ananiuliza kwa Kiingereza umri wake, anwani yake, ana dalili gani. Kisha akaniuliza swali moja ambalo lilinifanya niangalie kaseti ya mjomba: je, anaweza kumaliza sentensi bila kusimama kuvuta pumzi? Nikamwambia hawezi. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema alikuwa anaimba. Sikuwa na muda wa kueleza zaidi.

Wote tulianza kumbembeleza kwa pamoja, na kila mmoja akawa anamfunika mwenzake. Mjomba akapiga makofi mawili makali.

"Shiru peke yake," alisema.

Shiru alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu kwa mguu ingawa hakuwa na ruhusa ya kwenda kwake, huku simu ikiwa mkononi. "Mama, niko off leo, lakini kesho asubuhi niko kazini. Nitatafuta wodi uliyoko. Nitakuja na yale mavazi yote, gauni, miwani, kila kitu. Hutaona uso wangu, hutajua kama ni mimi ama ni nani. Lakini nitasimama hapo mlangoni nikuite, Mamaaa Furaha, mutoto wa Bukavu. Sauti yangu si unaijua?"

Mama Furaha alirekebisha kitambaa kichwani.

"Unaisema vibaya," alisema. "Kama Mukikuyu."

"Ndiyo hivyo mama, ni ya Nyeri. Ukisikia hiyo, ni mimi."

Akacheka, kikohozi kikamkatiza. Halafu akauliza, kama anauliza bei ya nyanya: "Nibebe kitambaa gani?"

Mwanangu, nikamwambia mtu wa simu ya pili kwamba amekubali. Na bado hajatoka mlangoni.

Mjomba akamwambia akaufungue mlango taratibu, aketi karibu yake, na simu asiizime. Akairudisha ngoma, chini sana, sauti ya redio ya jirani. Hakuimba. Alikuwa akisema tu mara kwa mara, "Tupo, mama. Tupo." Na watu wakaitikia kwa zamu, kila mmoja akitaja jina lake pole pole: fulani nipo, fulani nipo. Hata mimi nilisema. Ilikuwa mara ya kwanza sikunung'unika.

Kisha tukasikia kugongwa. Mama Furaha aliiweka simu mezani, kwa hiyo tuliloliona sote ni dari na taa ya mviringo yenye mdudu mmoja mfu ndani yake. Tulisikia viatu, plastiki zikichakarika, mtambo ukilia mlio mfupi mfupi, na sauti ya mtu akitamka namba ya oksijeni ambayo ilimfanya Shiru ajizibe mdomo. Mmoja wa wahudumu akagundua muziki. Akauliza kwa Kiingereza, kwa mshangao wa kirafiki, hii sherehe ni ya nani.

"Ni ya kwangu," akajibu Mama Furaha, kwa Kiingereza chake, ndani ya barakoa ya oksijeni.

Mlango ukafungwa. Hakuna aliyekata simu. Tulikaa tukiitazama dari ya fleti tupu mpaka betri ya simu yake ikaisha.

Kilichofuata kilikuwa kirefu, na sitakizungusha. Kesho yake Shiru alifanya alichoahidi, akatuletea ujumbe mfupi: ameitikia. Siku nyingine ujumbe ulikuwa mbaya. Walikuwa wanafikiria kumweka kwenye mashine ya kupumulia. Hawakumweka. Jumamosi iliyofuata mjomba aliwasha disko lake saa ileile, nami nilikasirika, nikamuuliza anawezaje. Aliita watu wote, na ilipofika zamu ya Mama Furaha alilitaja jina, akaiacha ngoma ipite mdundo wote bila mtu. Kisha akaendelea na anayefuata. Nilitoka nje nikasimama karibu na mapipa ya taka nikalia, kwa mara ya kwanza tangu mji ufungwe.

Halafu siku moja asubuhi ukaja ujumbe wa sauti, na sauti haikuwa ya Shiru. Ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo: "Hapa wanapika chakula haina chumvi." Mjomba aliusikiliza akiwa amesimama jikoni na buti za kiwandani. Aliurudia. Akauweka tena kwa sauti kubwa. Akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akasema alhamdulillahi, akachelewa kazini.

Mama Furaha aliporudi kwenye disko, wiki kadhaa baadaye, amepungua mashavu lakini kitambaa kiko palepale, mjomba alitangaza kwamba sheria ya pumzi moja imefutwa. Kila mtu apumue anavyotaka. Mama Furaha akapinga. "Mulisema faini," alisema. "Miye sitaki deni." Akacheza akiwa ameketi, mabega tu, kushoto na kulia, kwa dakika nzima, na simu ikajaa vifijo. Shiru alikuwa analia bila kujificha.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipopata somo langu, na halikuwa lile nililolitegemea.

Mimi nilikuwa nimeshawishika. Msomi akishawishika, hutengeneza mpango. Nilikaa siku mbili nikaandika jinsi disko la mjomba litakavyokuwa huduma ya uangalizi wa afya ya jamii. Shiru atauliza maswali maalumu kumi na mawili. Majibu yatawekwa kwenye kompyuta. Muziki utapunguzwa, maana unachukua muda mwingi. Tutaomba fedha halmashauri. Nilimpelekea mjomba akiwa anaosha vyombo, nikamwambia, kwa furaha ya kweli, kwamba nilikosea: nilidhani disko lake halina maana, kumbe lina maana kubwa, lilikuwa kipimo cha mapafu.

Aliendelea kuosha sahani moja muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mimi sikuwa napima mapafu ya mtu," alisema.

"Lakini mjomba, ndivyo ilivyotokea."

"Imetokea, tumshukuru Mungu. Lakini ilikuwa bahati, Zuhura. Usije ukawaambia watu Kassimu alijua. Kassimu alikuwa anacheza." Aliiweka sahani. "Zamani uliniambia jambo hili halina maana kwa sababu halimsaidii mtu. Sasa unasema lina maana kwa sababu limemsaidia mtu. Naona hujahama hata hatua moja. Kama Mama Furaha asingeugua kamwe, zile Jumamosi zote zingekuwa upuuzi?"

Niliuweka mpango wangu mezani.

"Unadhani mimi sijui kulia?" aliendelea, na sauti yake haikupanda. "Mke wangu yuko Tanga, sijui nitamwona lini. Kiwandani kila wiki kuna sura haipo. Kulia nakujua sana. Siku zote sita nafanya mambo yenye sababu. Nataka siku moja niite jina la mtu kwa sababu tu nafurahi kwamba yupo. Usinichukulie hiyo ukaifanya fomu. Na nikwambie jingine, wewe na shahada zako: mlimpigia simu wiki nzima mkimuuliza hali. Aliwaambia nini?"

"Mzima."

"Ungemwekea na swali lako la kumi na mbili, angekwambia mzima."

Akanipa kitambaa nifute sahani. Mpango wangu haukuzungumzwa tena, nami sikuupeleka kokote.

Nimelifikiria karipio lile kwa miaka sasa, na kama unavyonijua, nimejaribu kulitafutia kasoro. Nimepata moja: kuna wapweke wengi ambao hawana mjomba mwenye kaseti, na kwao fomu na simu za wahudumu ni bora kuliko kimya. Hilo nalishikilia, na yeye mwenyewe nilipomwambia alikubali. Lakini mengine yote yamesimama. Shiru aliujua mstari wa Mama Furaha uliokatika kwa sababu alikuwa ameusikia mzima, Jumamosi nyingi, akiwa amejilaza tu, bila kutafuta chochote ndani yake.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu. Hoji kila kitu. Walimu wako, serikali, muziki, mimi. Sitaki kulea mtoto anayeitikia bila kufikiri. Lakini watu wanaofurahi kukuona wakiita jina lako, itikia kwanza, kwa sauti, hata kama wimbo ni wa kipuuzi na unajisifia viatu. Swali lako halitaharibika likisubiri dakika kumi na tano. Na usiidai furaha ikuthibitishie faida yake kabla hujaifungulia mlango, maana siku itakapokuwa na faida haitakuwa imekuja kwa ajili hiyo. Kaa na watu bila sababu. Kaa nao muda wa kutosha waizoee sauti yako ya kila siku, na wewe uzizoee zao. Hayo hayawezi kufanywa kwa haraka siku ya shida.

Mama Furaha yupo. Wewe unamwita bibi, na ndiye anayekulisha samaki na kukutolea miiba kwa vidole vilevile tulivyovitazama kwenye mwanga wa dirisha. Kila akikubeba huwa namsikiliza anavyopumua.

Mungu akupe pumzi ndefu na watu wenye masikio. Akuweke mbali na mlango usiogongwa. Pale utakapokaa duniani, pawe na mtu anayelijua jina lako hata akilitamka vibaya, na siku zako za kawaida ziwe nyingi, zenye kelele, na zisizo na sababu. Amina, mwanangu. Amina.